Sanduku la magurudumu, begi laini ama shanta tu? Safari ya Ujerumani kutokea Lamu

binti_langoni
Assalam aleikum jamani. Mwezi wa kwanza inshallah naenda Munich kwa kozi, miezi mitatu, na hapa nyumbani kila mtu ashakuwa mwalimu wa kufunga mizigo. Njia nilizonazo ni tatu. Kuna sanduku gumu la magurudumu manne la kaka, zuri linang'aa, lakini tupu peke yake kilo 4 na nusu. Kuna begi kubwa laini lenye mikanda ya kuvaa mgongoni, hili halifiki hata kilo 1 na nusu. Na kuna rafiki yangu anasema nende na shanta ya mkononi tu, makoti nikanunue huko huko. Tiketi inaniruhusu kilo 23 chini na 7 mkononi. Mama yeye ashakata shauri, sanduku, ati mtu haendi Ulaya na begi la mgongoni utadhani anavuka Mokowe hapo bara kununua mkaa. Na sijajua pia kama nipande ndege uwanja wa Manda ama niende na basi hadi Mombasa. Semeni, haswa mliokwenda kwenye baridi.

nahodha_wa_zamu
Dada mimi kazi yangu boti, Mokowe na Manda kila siku, mizigo ya watu naijua kuliko sura zao. Sasa hilo sanduku ukilitoa mtaani kwako Langoni hadi gatini magurudumu yatakufaa nini? Kuna mitaro, kuna mavi ya punda, kuna vichochoro punda wawili hawapishani, utaishia kumpa hamali alibebe kichwani. Alafu ufike gatini ukute bamvua na maji yametoka, zile ngazi za chini zina mwani wa kijani unateleza vibaya, mkono mmoja umeshika sanduku mwengine huna pa kushika. Begi laini mimi narusha tu linadakwa, linaingia chini ya benchi limekwisha, sanduku gumu linakaa katikati watu wanaliruka hadi ng'ambo. Shida ya begi la kitambaa ni maji, mwezi wa kwanza kaskazi inapiga na mawimbi yanaingia ndani, kwa iyo nguo zitie kwanza kwenye gunia safi la mchele lile la nailoni kisha ndo begi.

MamaYusra_Malindi
Mwanangu usimsikilize nahodha, yeye safari yake inaishia Mokowe 😄 Wewe unakwenda mbele zaidi. Ukishafika Mombasa ni sakafu laini mpaka Munich, utabadilisha ndege, utasimama foleni ya pasi, na mgongo ni wako mmoja. Sanduku gumu unalisukuma kwa kidole. Alafu lina kufuli, na chupa ya manukato ya halud haivunjiki ndani. Mimi nakwenda Muscat kwa dada zangu na sijawahi kuliacha sanduku.

Lakini kubwa nnalotaka kukwambia sio begi, ni vifurushi vya watu. Habari ya safari yako ishazunguka mtaani, sasa kaa uwaone. Huyu atakuletea visheti vya mwanawe, yule mabuyu, yule bahasha "ndani ni karatasi tu", na wote watakuja usiku wa mwisho ushafunga zipu. Mimi sheria yangu ni moja, leta kitu kiko wazi nikione, nikifunge mimi. Manake kaunta wanakuuliza mzigo umefunga mwenyewe? Ukisema ndio, basi kila kilichomo ni chako hata kama ni cha shangazi yake jirani. Dawa za watu ndo sipokei kabisa. Tramadol kwa mfano, Emirati huingii nayo bila kibali, utaeleza nini hapo kwamba umetumwa? Na miraa mtu asikutanie, Ujerumani ni haramu kisheria, Uingereza wameipiga marufuku tangu 2014. Atakaenuna anune.

kijana_matondoni_hamburg
Mama Yusra hapo kwa vifurushi umesema kweli tupu, lakini kwa sanduku sikubaliani. Mimi niko huku, na nataka kumwambia dada kwamba ukishatoka uwanja wa ndege Munich bado kuna treni, kuna ngazi, kuna lifti imeharibika, kuna theluji iliyochanganyika na kokoto wanazomwaga ili watu wasiteleze, yale magurudumu manne madogo kwenye kokoto ni kilio. Kama lazima sanduku basi la magurudumu mawili makubwa.

Shanta tu pia inawezekana lakini sio kwa mtu wa mara ya kwanza mwezi wa kwanza. Unafika joto liko sifuri ama chini ya sifuri, huna koti, utatoka vipi kwenda kununua koti? Na koti zuri dukani si bei ya mchezo. Nenda Kongowea kwenye mitumba, yale makoti mazito yamejaa na hakuna anaeyataka pale Mombasa na joto lile, yametoka Ulaya unayarudisha kwao. Tafuta lisilopitisha upepo, lenye kofia, likuvuke kiuno. Usilitie kwenye begi! Lishike mkononi hadi ndani ya ndege, huwa hawalipimi. Viatu vizito navyo vaa miguuni, jasho litakutoka mpaka Mombasa lakini kilo 2 ushaziokoa.

Ndani ya begi usijaze masweta. Nguo za kubana za ndani pea mbili tatu, sweta moja ama mbili za sufi, soksi nyingi. Akina dada wa huku wanavaa hizo za kubana chini ya buibui na koti juu, hakuna anaejua na baridi haiingii. Na ulete vikoi, viwili. Kikoi kinakausha mwili, kinakauka usiku mmoja juu ya hita, unajifunika kwenye ndege, unaswalia. Taulo liache nyumbani, linakula nafasi ya bure.

Kama wikendi unapanga kuzunguka nchi nyengine na zile ndege za bei rahisi kina Ryanair, jua begi la bure ni lile la kuingia chini ya kiti tu, kwa iyo shanta yako ya mkononi isiwe kubwa.

binti_langoni
Mashallah mnanifungua macho. Sasa chakula? Mama kashaandaa samli, achari ya embe, ng'onda (samaki mkavu), na maembe yenyewe anasema atachuma siku ya mwisho. Mi nshaogopa.

kilo_ya_ziada
Nilifanya kazi kwenye mizigo uwanja wa ndege miaka ya nyuma, wacha nikujibu hilo.

Samli usibebe. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia na nyama wala vitu vya maziwa kutoka nchi za nje kama Kenya, na samli ni maziwa. Maembe mabichi nayo hapana, matunda yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano tu waliyoyaachia: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Yaani nazi unaingia nayo kifua mbele, embe linatupwa. Ng'onda cha kushangaza ruksa, samaki kwa matumizi yako hadi kilo 20, ila harufu ndo kesi nyengine, ukimweka pamoja na sweta za sufi darasani watakukalia mbali. Papa mkavu mwache kabisa, aina nyingi za papa ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kombe za baharini na matumbawe usibebe zawadi. Achari inaingia lakini lazima ikae kwenye begi la chini, mkononi kitu chochote cha majimaji ni mililita 100 kila chupa, na achari wanaihesabu majimaji, asali hivo hivo. Ifunge mara mbili, mafuta yake yakivuja hakuna sabuni itakayoyatoa.

Kwa pawabenki ni kinyume, ikae mkononi, usiitie begi la chini hata siku moja, manake betri ikishika moto tumboni mwa ndege hakuna wa kuizima. Mpaka wati-saa 100 huhitaji ruhusa. Ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74 (zidisha kwa volti 3.7 ugawe kwa 1000) kwa iyo uko salama. Ukipita na ndege za Emirates, tangu Oktoba 2025 ni moja tu kwa mtu na huruhusiwi kuitumia ukiwa angani.

Na kwa swali lako lenyewe, begi laini. Kilo 3 unazookoa kwa uzito wa sanduku tupu ni koti zima hizo. Sanduku gumu nimeliona likipasuka pembe mara nyingi kuliko zipu ya begi zuri kukatika.

MamaYusra_Malindi
Zipu NZURI. Za bei ya chini tunazijua.

kilo_ya_ziada
Hapo sikubishii mama. Vuta zipu mara kadhaa begi likiwa limejaa kabla hujalipa, ikikwama dukani itakwama na uwanja wa ndege.

babu_wa_shela
Mimi nilimpeleka mke wangu India hospitali, nna mawili tu. Dawa zote mkononi, ndani ya vikasha vyake vyenye jina, pamoja na cheti cha daktari, mzigo wa chini ukichelewa mgonjwa hachelewi. La pili chaja. Soketi zetu za pini tatu bapa ni sawa na za Uingereza, Oman na Emirati, lakini Ujerumani ni pini mbili za duara, nunua adapta hapa hapa kabla hujaondoka, uwanja wa ndege wanakukamua. Kadi ya manjano ya chanjo usisahau mjukuu wangu, itie pamoja na pasi.

nahodha_wa_zamu
Na kuhusu Manda ama basi? Hilo hamjamjibu.

kilo_ya_ziada
Ah kweli. Angalia dada, zile ndege ndogo za Manda nyingi zinakwenda uwanja wa Wilson, Nairobi, na mzigo wao kilo 15 hivi na wanataka begi laini kwa sababu pa kuwekea ni padogo, sanduku gumu linaweza kukuletea maneno. Ziada unalipia. Alafu Wilson sio Jomo Kenyatta, uwanja wa ndege za nje, utachukua gari uvuke foleni za Nairobi. Basi halikupimii kilo kama ndege, barabara ya Lamu hadi Garsen siku hizi ni lami, unashuka Malindi ama unaendelea Mombasa. Ila usipange kupanda ndege siku hio hio, lala Mombasa. Uwanja wa Moi uko bara, upande wa Changamwe, ukitokea Malindi una Mtwapa mbele yako na kisha mji wenyewe.

MamaYusra_Malindi
Ukilala Malindi lala kwangu, nna mkeka na sanduku la kukuazima ukibadilisha nia 😄

binti_langoni
Ahsanteni sana. Basi ni begi laini, basi la Mombasa, koti Kongowea, shanta ndogo ya pawabenki na makaratasi. Samli nitamwambia mama ampe jirani, maembe tutakula wenyewe. Nazi naibeba, nataka kuona sura ya huyo afisa. Swali la mwisho, mizani ya kupimia begi naipata wapi, ile ya bafuni ya shangazi inasema kila mtu ana kilo 60.

nahodha_wa_zamu
Njoo na begi kwa wanunuzi wa samaki, wana mizani ya kuning'iniza haidanganyi. Njoo asubuhi mapema kabla mashua hazijarudi, ikishanuka hapo utalaumu watu.