Leza kwa karakana ya shule: dayodi au CO2?

Mwl_Karakana
Wakuu, habari za jioni. Shule imepata hela ya kununua mashine moja ya leza kwa ajili ya karakana. Nimebaki na mbili: dayodi ya wati 10 yenye fremu ya wazi (mwanga unatoka kwenye kipande kidogo cha kielektroniki), au K40 ya Kichina, CO2 ya wati 40 (mwanga unatoka kwenye tyubu ya kioo yenye gesi ya kabonidayoksaidi). Ipi haitatusumbua?

Randa_Butu
Mwalimu, hujasema kazi yenyewe. Mnakata au mnachora tu? Unene gani? Akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, ipo? Wanafunzi wangapi wanazunguka mashine kwa kipindi? Kuna pa kupitisha bomba la moshi? Na mko wapi?

Mwl_Karakana
Tanga. Plaiwudi ya milimita 3, vibao vya majina, ngozi kidogo. Wanafunzi 12. Dirisha lipo.

Pwani_Umeme
Akriliki umeiruka, na ndiyo inayoamua. Dayodi hutoa mwanga wa buluu, nanomita 450 hivi. Akriliki isiyo na rangi inaupitisha kama kioo cha dirisha, kwa hiyo haikatiki. CO2 ni mikromita 10.6, akriliki hiyohiyo inaumeza mwanga wote na ukingo unatoka unang'aa.

Kwa plaiwudi ya 3 dayodi ya wati 10 inatosha, ikipita mara moja au mbili. Hakikisha tu ni wati 10 za mwanga. Tangazo likiandika 40, soma maandishi madogo: mara nyingi huo ni umeme unaoingia, na mwanga unaotoka ni wati 5.

Randa_Butu
Fremu ya wazi mbele ya watoto 12 siikubali hata kidogo. Mwanga ukigonga kitu kinachong'aa unaruka pembeni, na jicho halina spea. Chukua yenye kasha na swichi inayokata leza kifuniko kikifunguliwa. K40 nyingi hazina swichi hiyo. Fungeni wenyewe kwenye saketi inayoruhusu leza kuwaka. Miwani nayo isichanganywe: polikaboneti (plastiki ngumu) isiyo na rangi inazuia mwanga wa CO2, lakini mwanga wa dayodi unapita moja kwa moja.

Maji_Baridi
Kabla hujalipia K40, soma kilichotokea kwenye karakana moja ya mafunzo huku pwani. Tyubu ilikufa ndani ya miezi mitano. Ilikuwa inapozwa na CW-3000, kipozeo cha maji ambacho wengi wanadhani ni friji. Ndani haina kompresa, ni rejeta na feni tu. Chumba kikiwa nyuzi 32, maji hayawezi kushuka chini ya 32, na pale yalifika 36. Leza ikadhoofika, plaiwudi ikagoma kukatika, wakapandisha mkondo hadi miliampia 23 badala ya kubaki 15. Hapo ndipo tyubu ilipomalizwa.

Maji yenyewe yalikuwa ya bomba. Yana chumvi, yanapitisha umeme, na tyubu hiyo inakula volti elfu kumi na kitu. Sindano ya ampia ikaanza kurukaruka, cheche zikasikika upande wa anodi (ncha chanya ya tyubu), pawa saplai ikafuata. Tyubu mpya ilipofungwa, vioo vitatu vinavyoelekeza mwanga havikupangwa upya: kona ya karibu inakata, ya mbali inababua tu. Kupima ni rahisi. Bandika tepu ya karatasi kwenye tundu la kichwa, piga leza kidogo kwenye kona zote nne. Alama zote ziangukie doa moja.

Pwani_Umeme
Kweli, ila usimtishe mtu akaikimbia CO2. CW-5000 ina kompresa. Ila Tanga ina unyevu: ukishusha maji hadi 15, tyubu inatoa jasho na cheche zinarudi. Kipindi cha joto weka 25. Maji yawe yale ya kuongezea betri, yasiyo na asidi.

Kiwanda_Kidogo
Mmesahau programu. LaserGRBL ni ya bure, inaendesha dayodi nyingi, ila inataka Windows. K40 inakuja na M2 Nano, bodi inayoongoza mashine, ambayo LightBurn (programu nyingine ya leza) haiitambui mpaka ubadilishe bodi. Kwa shule hilo ni tatizo kubwa kuliko tyubu.

Maji_Baridi
Si kubwa hivyo. Programu ya MeerK40t ni ya bure na inaongea na M2 Nano vizuri.

Kiwanda_Kidogo
Inaongea, lakini mfundishe mtoto wa kidato cha pili kwa dakika 40 uone.

Randa_Butu
Tusigombane, ngozi ndiyo inanitia wasiwasi. Ngozi bandia nyingi ni PVC, plastiki yenye klorini. Ikiungua inatoa gesi ya haidrojeni kloridi: inakula mapafu, kisha reli na lenzi. Choma ncha ya waya wa shaba, iguse kipande, irudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani, kipande hicho kisiingie kwenye mashine.

Mwl_Karakana
Asanteni. Akriliki ipo kwa kidato cha nne, nilisahau. Mtungi wa kuzimia moto tulionao ni wa unga, unafaa?

Pwani_Umeme
Utazima, ila unga utaharibu vioo na lenzi. Tafuta wa kabonidayoksaidi, ukae mkono unapofika. Ethi ya karakana, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini, mmeipima? Kwa K40 hiyo ni lazima.

Mwl_Karakana
Soketi zina matundu matatu, kama waya wa ethi umefika sijui. Jumatatu nafungua moja na fundi wa umeme.

Randa_Butu
Pima na upana wa dirisha pia. Bomba la moshi liwe milimita 150, likunjwe mara chache iwezekanavyo.