Kumtoa mgonjwa kwenye mashine ni dhambi?

MamaKirumba: Wadau, baba mkwe yuko ICU hapa Mwanza, daktari kasema mashine inasogeza siku tu, sasa ndugu wa Sengerema wanadai tukikubali atolewe tumeua, amri ya tano hiyo. Mnaonaje?

sangara_mbichi: Usiue ni usiue tu dada.

Katekista Igoma: Hapana kaka, Katekisimu Katoliki, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2278 inasema kuacha matibabu mazito yasiyo na matumaini sio kuua, ni kukubali kwamba kifo hukizuii. Kumchoma sindano ili afe ndo kuua. Ila kumgeuza, kumlowanisha midomo, dawa ya maumivu, hivyo msiache. Padri kaitwa? Watu mnachelewaga sana hapo.

MamaKirumba: Kampaka mafuta jana. Shida nani asaini, shemeji kazima simu 😩