Naomba ushauri: niboreshe kompyuta yangu ya gemu au ninunue nyingine?

Habari zenu wakuu. Nipo Tabata, Dar, na mfukoni nina laki tano tu.

Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7010 ya mnara: prosesa Core i5-3470, RAM GB 8 za DDR3, kadi ya michoro GTX 750 Ti ya GB 2, na hadidisiki ya kawaida. GTA V naicheza vizuri, ila gemu mpya zinakwama: uko katikati ya pambano, picha inaganda, sauti inaendelea, ikirudi umeshauawa. Inaniuma kweli.

Nimefuta vumbi na kuweka pesti mpya kwenye prosesa. Joto limeshuka, kukwama kuko palepale. Hata nikishusha michoro hadi chini kabisa, bado.

Fundi mmoja Kariakoo anasema niweke SSD (diski ya kasi badala ya hadidisiki), RAM ifike GB 16, na nitafute kadi ya michoro GTX 1650 ya mtumba. Wasiwasi wangu ni kwamba pawa saplai ni ya wati 275, kwa hiyo kadi lazima iwe ile isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Halafu prosesa hii ya 2012 haina AVX2 (seti ya maagizo iliyomo kwenye prosesa mpya zaidi), na zipo gemu mpya ambazo haziwaki bila hiyo. Windows 11 nayo haiikubali rasmi.

Kwa laki tano, nimfuate fundi, au niuze hii niongezee, nichukue iliyotumika yenye Core i5 ya kizazi cha 8? Na aliyewahi kununua kadi ya mtumba, unaipimaje pale pale dukani kabla hujatoa hela?