Banapima tansio, banapima mutoto, roho ya mama nani anapima???

Bandugu ya Bukavu, leo niko na hasira, munisamehe juu naandika mbiombio.

Mudogo yangu alizala, hii ni wiki ya 5. Mutoto muzuri, ananyonya bila shida. Lakini mama yake halale hata kama mutoto amelala, anakaa tu ku kitanda anaangalia ukuta, sombe inapoa mbele yake, na siku moja akaniambia polepole, "yaya, hii mutoto angepata mama mwingine, mi niko bure." Nikatetemeka. Siku ya chanjo nikamusindikiza ku sentre. Bakaweka mutoto ku kilo, bakapima mama tansio, yote bakaandika ku fishi. Kisha yeye mwenyewe, na haya yote yenye ikonayo, akaambia muganga: "mama, siku zingine natamani nilale nisiamuke."

Munajua balimujibu nini? "Ni wewe wa kwanza kuzala? Omba Mungu, nyonyesha mutoto. Mwingine!" MWINGINE!! Na bamama ku banki bakacheka.

Sitataja ile sentre, juu najua ni vile vile mahali mingi. Na ule muganga simuchukie, iko peke yake na foleni inafika inje, mushahara haijulikane itakuya lini. Nauliza tu nani alimufundishaka? Juu formasio zinafanyikaka, ku oteli, na chai na perdieme, anaenda mukubwa wa sentre, anarudi na begi na kalamu, mwenye anafanya zamu ya usiku hata karatasi haione.

Na kupima roho ya mama haiombe mashini!! Kuko maulizo 10 ya kupima huzuni ya mama kisha kuzala, yenye batu ya Edinburgh (kule Ecosse) balitunga tangu 1987, kila jibu inapewa 0 mpaka 3, unajumulisha, dakika chache tu, hata pale ku foleni ya kilo inawezekana. Ulizo ya 10 inauliza wazi kama mama alishafikiria kujiumiza. Akijibu ndiyo, hata kama jumla ni kidogo, haumurudishe nyumbani vile vile. Unakaa naye, unaita mwenye anaishi naye, vitu vya hatari vinatoka ndani ya nyumba, unamutuma kwa mwenye anajua kazi. Batu banaogopa eti ukiuliza utamupatia wazo. Hapana, OMS (shirika ya afya ya dunia) yenyewe inasema kuulizia haileti ile wazo, na ni hao hao banasema ku inchi kama zetu karibu bamama 20 kwa 100 banapata shida ya akili kisha kuzala. Kulialia siku za kwanza ni kawaida, ile inapita ndani ya wiki mbili. Wiki ya 5 si kulialia tena.

(Na sisi familia tuna makosa yetu. Nilitaja SOSAME tu, ile hospitali ya magonjwa ya akili hapa Bukavu, mama mukubwa akaruka, "mutoto yetu iko kichaa?")

Saa hii analala kwangu, mi njo nabeba mutoto usiku. Tulipata dokta moja mwenye alimusikiliza karibu saa muzima na akamuuliza ile ulizo bila kuzunguka. Mudogo yangu akalia mpaka akachoka, kisha akaomba bugali. Siku tatu hakukuwa amekula vizuri.

Baganga benye muko hapa, munijibu bila kukasirika: ku masomo yenu hii balifundishaka ao hapana?