Mrejesho: swichi ya Wete iliyonikatia mawasiliano

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ndiye niliyeuliza kuhusu swichi ya Cisco (kifaa kinachounganisha kompyuta kwenye mtandao) ya ofisi yetu Wete, Pemba. Nilikuwa Mjini Unguja naongeza VLAN 30 (mtandao mdogo ndani ya mtandao mkubwa) kwenye tranki, yaani kiungo kinachobeba VLAN nyingi, nikaandika "switchport trunk allowed vlan 30", Wete yote ikapotea.

Kaka aliyesema nimeacha neno "add" alipiga penyewe. Bila neno hilo orodha ya mwanzo ya VLAN zinazoruhusiwa inafutwa, inabaki 30 peke yake. Na dada aliyeshauri mtu wa kule aizime na kuiwasha, ili irudi kwenye mipangilio ya zamani kwa kuwa mpya sikuwa nimeihifadhi, naye alisema kweli. Ila kabati lina kufuli na ufunguo nilikuwa nao mimi! Nikapanda boti hadi Mkoani, kisha gari mpaka Wete, kwa kazi ya dakika tano. Sasa ufunguo wa pili anao mlinzi.

Siku hizi kabla ya kugusa kitu natoa "reload in 10", amri ya kuiwasha upya swichi baada ya dakika 10. Nikijikatia mawasiliano, swichi inajiwasha upya na kurudi kwenye mipangilio iliyohifadhiwa. Imeshaniokoa mara moja. Lakini juzi kazi ilikwenda vizuri, nikahifadhi, nikasahau "reload cancel" ya kuifuta amri ile, ikajizima na kujiwasha upya saa za kazi na wateja wamejaa. Iliniuma sana. Nimeiandika amri hiyo kwenye karatasi, nimeibandika mezani.

Ule ushauri wa "revert timer" (swichi irudishe yenyewe mipangilio ya awali usipothibitisha mabadiliko kwa muda uliowekwa) haukufaa, swichi yetu ni ya zamani, imeikataa amri.

Ahsanteni sana, Mungu awalipe kheri.