Vazi la kuogelea linapwaya na kupauka mapema, nakosea wapi?

Mbizi_Mchanga:
Wakuu, naomba ushauri. Naogelea bwawani mara tatu kwa wiki, bwawa la klorini. Vazi ni nailoni 80%, spandeksi 20%. Sehemu ya makalio imeanza kupwaya, ukilinyoosha unaona vinyuzi vyeupe vimechomoza kama nywele, na weusi wake unageukia kahawia. Nalifua kwenye mashine na nguo nyingine, nyuzijoto 40, kisha naanika juani. Pia nasikia siki inaondoa klorini. Ni kweli?

Fundi_Pindo:
Hivyo vinyuzi vyeupe ni spandeksi iliyokatika. Nailoni ndiyo inayobeba rangi, spandeksi ndiyo inayokirudisha kitambaa baada ya kuvutwa. Sasa spandeksi ni poliurethani, na klorini huila kidogo kidogo. Ikishakatika ndiyo basi, hakuna sabuni ya kuikaza tena. Hilo ulilonalo litumie mpaka likuishie. Haya ni kwa ajili ya lijalo.

Kabla ya kuingia bwawani, simama chini ya bomba la mvua ukiwa umelivaa mpaka lilowe kabisa. Kitambaa kikavu hunyonya maji ya kwanza kinayokutana nayo. Kikishashiba maji safi, ya klorini huingia kidogo. Halafu unaacha jasho na losheni huko huko. (Ile harufu kali inayochoma macho bwawani, ambayo watu huiita harufu ya klorini, hutokana na klorini iliyochanganyika na jasho na mikojo.)

Ukitoka, lisuuze papo hapo kwa maji baridi yanayotiririka, dakika mbili tatu, ukiligeuza nje ndani. Wengi huharibu hapa: vazi linaviringishwa bichi ndani ya mfuko wa plastiki, linakaa kwenye joto mpaka jioni. Klorini inaendelea na kazi yake, na ukungu nao unapata pa kuota.

Nyumbani tia lita 5 za maji baridi kwenye beseni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji, ikoroge iyeyuke ndipo utumbukize vazi. Libonyezebonyeze tu, usilifikiche. Dakika tano zinatosha. Ukililoweka usiku kucha rangi inachuja. Suuza hadi povu liishe. Usilikamue! Kulisokota ndiko kunakomalizia nyuzi zilizokwisha kudhoofika. Litandaze juu ya taulo kavu, uviringishe pamoja, ukandamize kwa viganja, taulo litanyonya maji. Kisha litandaze kivulini penye hewa. Usilitundike kwa kamba za mabega, uzito wa maji huzirefusha.

Mashine yako ina makosa matatu kwa mpigo: joto, zipu za nguo nyingine, na ule mzunguko wa kukamua. Ikibidi kabisa, tumia mfuko wa wavu, maji baridi, mzunguko laini, na uzime ukamuaji. Dawa ya kulainisha nguo usiiweke, huacha utando kwenye nyuzi. Kuhusu ukahawia, rangi nyeusi mara nyingi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na klorini na jua haziziondoi zote kwa kasi moja.

Maji_na_Dawa:
Fundi kamaliza, mimi nijibu la siki. Hapana, siki haiondoi klorini. Na ole wako uichanganye na jiki, unatengeneza gesi ya klorini ndani ya bafu lako. Kinachoiua klorini ni vitamini C ya unga (asidi askobiki) au thiosulfati ya sodiamu, ile wafuga samaki wa mapambo wanayotumia kutibu maji ya bomba. Robo kijiko cha chai cha vitamini C kwenye lita 4 za maji, tumbukiza vazi lililokwisha kusuuzwa, dakika tano, kisha suuza tena. Maji ya bwawa huwa na miligramu 1 hadi 3 tu za klorini kwa lita, kwa hiyo kuongeza dozi hakukusaidii kitu.

Njia_ya_Nne:
Yote sawa, ila kwa mtu wa mara tatu kwa wiki mimi naona mjadala uanzie dukani. Soma lebo, tafuta poliesta na PBT (aina ya poliesta inayovutika), bila spandeksi. PBT inavutika kwa sababu uzi wenyewe umejikunja, hivyo klorini haina mpira wa kula. Utaliona gumu kidogo na halinyooki sana, lakini linadumu mara nyingi zaidi. La nailoni libaki la baharini. Chagua linalokubana kidogo likiwa kavu, maana likilowa hulegea.

Kama unabaki na spandeksi, uwe na mawili ya kupokezana. Linahitaji kama siku nzima kukauka na kurudia umbo. Kwenye jakuzi vaa lile kuukuu, maji ya nyuzijoto 38 hadi 40 huongeza kasi ya uharibifu. Na usikae kwenye ukingo wa saruji bila taulo, unakwaruza makalioni.

Mbizi_Mchanga:
Asanteni sana. La mwisho: jeupe la mwenzangu lina madoa ya rangi ya kutu shingoni na kwapani. Tulitia jiki, yakazidi!

Maji_na_Dawa:
Losheni ya jua hiyo. Kemikali iitwayo avobenzoni ikikutana na chuma kilichomo majini hutoa rangi ya kutu, na jiki huikoleza. Kwanza lisuuzeni mpaka harufu ya jiki iishe kabisa, kwa sababu niliyoitaja juu: asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini. Likikauka, pakeni sabuni ya kuoshea vyombo kwenye doa, dakika kumi, suuza. Hiyo inaondoa mafuta. Kisha kijiko kimoja cha chai cha asidi ya sitriki kwenye kikombe cha maji vuguvugu, au maji ya limau, loweka doa dakika 15 hadi 20, suuza. Doa la zamani huenda likahitaji kurudiwa. Siku nyingine ajipake losheni na kuiacha inyonywe na ngozi dakika 15 hivi kabla ya kuvaa, au atafute yenye oksidi ya zinki isiyo na avobenzoni.