Kampuni ya nne kwenye hati yangu ya mshahara ndani ya miezi 14: je, hii ni halali?

Mpakizi wa Midlands

Wanajamvi, asalaam aleikum. Ninapakia mizigo katika ghala moja huku Uingereza kupitia wakala wa ajira, na kwa miezi 14 sasa zamu ni ileile, msimamizi ni yuleyule, na hata kabati la nguo zangu halijabadilika. Kinachobadilika ni jina la mwajiri kwenye hati ya mshahara, ambalo sasa limefika la nne. Kila mara ninatumiwa ujumbe kwamba nimehamishiwa kampuni nyingine, ninapewa P45, yaani hati ya kuacha kazi, ya kampuni iliyopita, kisha siku za likizo nilizokwisha kuzichuma zinaanza kuhesabiwa upya. Juzi niliitafuta kampuni ya sasa kwenye daftari la msajili wa makampuni, Companies House, ambalo mtu yeyote hulitazama bila malipo. Nikakuta imesajiliwa miezi mitano iliyopita, mkurugenzi wake ni mmoja tu na anaishi Ufilipino, na shughuli iliyoandikishwa ni saluni ya nywele, ilhali mimi napakia maboksi ya dawa ya meno. Wakala ananiambia kuwa huo ni utaratibu wa malipo tu. Naomba mwenye ujuzi anieleze ni nani anayefaidika na mzunguko huu, na kama mimi mwenyewe nina kosa.

Mhasibu Mwajuma

Ndugu yangu Mpakizi, wa aleikum salaam. Uliyoyaeleza yanafanana mno na kile ambacho mamlaka ya kodi, HMRC, inakiita udanganyifu wa kampuni mwavuli ndogondogo, yaani kampuni zinazowaajiri kwenye karatasi watu wanaofanya kazi kupitia wakala, na ufunguo wake ni nafuu iliyowekwa kwa ajili ya waajiri wadogo. Mwajiri hulipa mchango wake wa Bima ya Taifa juu ya mshahara wa kila mfanyakazi, na tangu Aprili 2025 mchango huo ni asilimia 15 ya kiasi kinachozidi pauni 5,000 kwa mwaka. Kwa mtu anayelipwa pauni 25,000, hiyo ni pauni 3,000. Serikali nayo humsamehe kila mwajiri anayestahili hadi pauni 10,500 za mchango huo kwa mwaka.

Sasa mchukue wakala mwenye watu 500 wa mshahara huo. Akiwaajiri katika kampuni moja anadaiwa pauni 1,500,000, na nafuu inampunguzia 10,500 tu. Akiwagawa watatu watatu katika kampuni 167, kila kampuni inadaiwa pauni 9,000 au pungufu, nafuu inaifunika yote, na hazina haipati hata senti ya mchango huo. Sheria inasema kampuni zilizo chini ya udhibiti wa mtu mmoja hudai nafuu hiyo mara moja tu kwa pamoja, na ndiyo sababu anatafutwa mtu wa mbali asiyejulikana, analipwa fedha kidogo, na jina lake linawekwa kwenye karatasi ili kampuni zionekane hazina uhusiano.

Kuna na upande wa VAT. Biashara ndogo inaruhusiwa kulipa asilimia maalumu iliyopangwa ya mapato yake yote badala ya kupiga hesabu ya kila risiti, na katika mwaka wa kwanza wa usajili kiwango hicho hupunguzwa kwa asilimia 1. Ndiyo maana kampuni hizi hufa zikiwa changa: mwaka ukiisha, punguzo nalo limekwisha.

Baba Zuhura

Samahanini, lakini tangu lini kutumia nafuu iliyowekwa na serikali yenyewe kukawa kosa? Kukwepa kodi ni jinai, hilo nakubali, ila kupanga mambo yako ili ulipe kidogo ni haki ya kila mfanyabiashara.

Mama Usafi

Kaka, mimi nina kampuni ya usafi yenye wafanyakazi wanne, na nafuu hiyo naitumia kwa haki tangu ilipoanza mwaka 2014, ikiwa pauni 2,000. Ndiyo iliyoniwezesha kumwajiri mtu wa nne. Mwaka jana niliomba zabuni ya kusafisha jengo la ofisi, nikapiga hesabu ya mishahara halali, likizo, michango na sabuni, na bado nikashindwa na mtu aliyetaja bei ambayo haitoshi hata mishahara. Baadaye wafanyakazi wake wawili walikuja kwangu kuomba kazi, wakanionyesha hati zao za mshahara: watu wa zamu moja, jengo moja, na kila mmoja ana mwajiri wake. Nafuu iliyowekwa ili mdogo asimame ndiyo iliyotumika kuniangusha mimi niliye mdogo kweli. Usiniambie hiyo ni haki ya mfanyabiashara.

Mhasibu Mwajuma

Baba Zuhura, sheria iliyoleta nafuu hii mwaka 2014 inamnyima yeyote anayejipanga kwa lengo la kuipata isivyostahili, kwa hiyo huu mpango haujifichi hata kwenye mwanya. Na pale mkurugenzi anapokuwa wa jina tu, na mamlaka yanapoelezwa mambo yasiyo kweli, tumekwisha kutoka kwenye kuepuka kodi na kuingia kwenye kuikwepa. Tangu tarehe 6 Aprili 2026, kampuni mwavuli isipowasilisha kodi ya mishahara, HMRC inaweza kumdai wakala mwenyewe.

Mpakizi, kosa la mpango huu si lako. Hata hivyo fungua programu ya HMRC kwenye simu, linganisha mapato ya kila mwajiri na hati zako, tunza kila P45, na toa taarifa kwa fomu yao ya mtandaoni. Kuhusu likizo, Acas, taasisi ya ushauri wa haki za kazini, hushauri bure.

Mpakizi wa Midlands

Dada Mwajuma, Mungu akulipe. Nimelinganisha jana usiku baada ya zamu. Kampuni ya kwanza, ya tatu na ya nne zipo, lakini ile ya pili, niliyoitumikia wiki 11, haionekani kabisa, ingawa kwenye hati zake nilikatwa kodi kila Ijumaa. Hati kumi ninazo, moja imepotea. Fomu nimeijaza, na Jumatatu nitawapigia Acas. Wenzangu sita wa zamu wameniomba niwasaidie kuangalia za kwao, na wawili kati yao wanaikuta kampuni hiyohiyo ya pili kwenye hati zao.